Minara ya Ratcliffe na malori ya Mtwara

Treni ya kutoka Nottingham kwenda Leicester hupita ubavuni kabisa mwa kituo cha kufua umeme cha Ratcliffe-on-Soar. Nilianza kuipanda mwishoni mwa 2012, nikirudi nyumbani asubuhi kutoka zamu ya usiku hospitalini, na wakati huo sikuwa na habari umeme wa Waingereza unatoka wapi. Kilichonivuta macho ni ukubwa wa vile vitu: minara minane ya kupozea maji, minene chini, imebanwa kiunoni, na kando yake dohani moja lenye urefu wa karibu mita 200. Majira ya baridi yale minara haikupumzika. Mvuke mweupe ulikuwa unapanda ninapotoka kazini, unapanda ninaporudi kazini, na siku zisizo na upepo ulisimama wima juu ya bonde la mto Trent kama mbuyu.

Abiria wengi huuita moshi. Ule ni maji tu, yamepashwa joto kwenye mtambo yakaja kupozwa. Hewa ukaa yenyewe, ile ya makaa yanapoungua, ambayo huipasha dunia joto, haina rangi, hutoka kwenye lile dohani bila mtu kuiona. Lakini mvuke ulinipa taarifa ya kweli, maana ukiuona unajua kwamba chini yake makaa ya mawe yanaungua na mitambo inazunguka. Ratcliffe ilikuwa na mitambo minne ya megawati 500 kila mmoja. Ikiwaka yote, inatoa uniti milioni 2 kwa saa.

Kisha mvuke ukaanza kuadimika. Kufikia 2015 kulikuwa na wiki ambazo ninaona mnara mmoja au miwili tu ikitoa. Mwaka 2016 nilipita siku nyingi mfululizo minara yote ikiwa mikavu, ndege wametua juu ya ukingo. Nikadhani mtambo umeharibika. Mzee mmoja Mwingereza niliyezoea kukaa naye kwenye behewa, aliyewahi kufanya kazi mgodini, akaniambia mtambo ni mzima kabisa, umeshindwa bei tu.

Neno hilo lilinikaa kichwani. Mimi nimekulia Tanzania, nimeujua mgao wa umeme wa 2006, mabwawa yalipokauka na tukawa tunapika kwa kibatari. Kwangu mtambo unasimama kwa sababu maji yameisha, mafuta yameisha, au spea haijafika. Mtambo mzima, wenye mlima wa makaa uani, kusimama kwa sababu ya bei? Nikampigia mjomba.

Mjomba wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya gesi Ubungo, na alipostaafu akarudi kwao Mtwara.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Baridi haijakumaliza?"

Nikamweleza ninachokiona dirishani. Akaniuliza, "Kwani huko kwenu foleni inapangwaje?"

Akanifafanulia kwa subira, kama anamfundisha kibarua mgeni. Umeme hauwekwi ghalani. Kila dakika unachozalisha lazima kilingane na kinachotumika, na mitambo huwashwa kwa zamu kuanzia ule wa gharama ndogo. Enzi zake walianza na maji, Kidatu na Mtera, kwa sababu maji yakishakuwepo bwawani hayadai hela. Yasipotosha wanaamsha gesi ya Songo Songo. Mwisho kabisa, jioni watu wote wakiwasha taa na pasi, wanawasha mitambo ya mafuta, ambayo alisema ukiisikiliza inaunguruma unasikia hela inavyoungua. Mtambo wa mwisho kwenye foleni ndio wa kwanza kuzimwa watu wakilala.

Uingereza hakuna karani mmoja anayeandika foleni hiyo. Siku imegawanywa vipande 48 vya nusu saa, na kila kampuni inapiga hesabu yake kwa kila kipande: mafuta yangu yatanigharimu kiasi gani, umeme utanunuliwa kwa kiasi gani, niwashe au nisiwashe? Matokeo ni foleni ile ile ya mjomba. Upepo na nyuklia mbele, kwa kuwa ukishajenga, kuendelea kuzalisha hakugharimu sana. Nyuma yao makaa na gesi wanagombania nafasi. Ugomvi wa hao wawili ndio niliokuwa nausoma kwenye mvuke.

Nilipomwambia mjomba kwamba huku mwenye mtambo lazima anunue ruhusa ya kila tani ya hewa ukaa anayotoa, alikaa kimya kidogo. "Hewa inauzwaje?"

Swali zuri, na ninaona watu wengi kwetu bado wanaliuliza, hasa tangu wafanyabiashara wa kaboni, yaani wa hiyo hewa ukaa, waanze kuzunguka vijijini kutafuta misitu. Kinachouzwa si hewa, ni nafasi ya kuichafua. Nilimpa mfano wa vibali vya kuvuna magogo. Msitu una kiasi chake, kwa hiyo vibali vina idadi yake, na ukitaka kukata zaidi ya kibali chako inabidi umnunulie mwenzako cha kwake. Umoja wa Ulaya ulianza soko la namna hiyo tarehe 1 Januari 2005, kwa vituo vya umeme na viwanda vikubwa. Kibali kimoja ni tani moja. Mwisho wa hesabu za mwaka unarudisha vibali sawa na tani ulizotoa, na tangu 2008 anayepungukiwa hutozwa faini iliyoanzia euro 100 kwa kila tani, na deni la kibali liko pale pale.

Kwa maelezo hayo ungedhani makaa ya mawe yalianza kurudi nyuma mwaka ule ule. Hayakurudi. Ratcliffe ilikuwa ndani ya soko hilo tangu siku ya kwanza, na miaka saba baadaye mimi nikaikuta inafuka kama kawaida. Hapa ndipo penye somo ambalo, kwa maoni yangu, wengi wanaolisifia soko la kaboni wanalipita haraka mno.

Vibali vilitolewa vingi kupita kiasi, na vingi vilitolewa bure. Aprili 2006 takwimu za kwanza za uchafuzi halisi zilipotoka, ikaonekana kwamba waliopewa vibali wana zaidi ya wanavyohitaji. Bei iliyokuwa imefika euro 30 ikaporomoka kwa nusu ndani ya siku chache, na kufikia 2007 vibali vya awamu ile vilikuwa havina thamani ya hata euro moja. Baadaye ukaja mtikisiko wa uchumi, viwanda vikapunguza kazi, vibali vikazidi kujaa. Mwaka 2013 kuna siku tani moja iliuzwa chini ya euro 5.

Na wenye vituo vya umeme, katika miaka ile ya vibali vya bure, walipata faida ya ngekewa. Aliyepewa gunia la mchele bure haliuzi kwa bei ya bure. Kibali ulichonacho mkononi ungeweza kukiuza sokoni, kwa hiyo ukikitumia kufua umeme unakihesabu kama gharama, na gharama hiyo inaingia kwenye bei ya umeme. Mteja akalipia kitu ambacho kampuni haikukilipia. Ilichukua mpaka 2013 kwa vituo vya umeme katika sehemu kubwa ya Ulaya kulazimishwa kununua vibali kwenye mnada. Kila nikilifikiria hili napata hasira, kwa sababu lilifahamika mapema na waliolilipia ni watu wa kawaida.

Kilichoisimamisha Ratcliffe kilianza Aprili 2013. Serikali ya Uingereza iliona bei ya Ulaya haimtishi mtu, ikaweka tozo yake juu ya ile ya soko, kwa vituo vya umeme peke yake. Ilianza na paundi 4.94 kwa tani, mwaka uliofuata 9.55, Aprili 2015 ikapanda hadi 18.08, kisha ikagandishwa kwenye 18.

Nilikaa na karatasi mezani nikapiga hesabu kwa uniti, kwa sababu uniti ndiyo lugha ninayoielewa tangu enzi za luku nyumbani. Kufua uniti moja kwa makaa ya mawe kunatoa karibu gramu 900 za hewa ukaa. Kwa mtambo mzuri wa gesi, ule unaochukua joto la mzunguko wa kwanza na kulitumia tena kuchemsha maji, ni kama gramu 370. Chukua 2016. Kibali cha Ulaya kilikuwa kwenye paundi 4 na ushee. Kama kingekuwa peke yake, makaa yangelipa peni 0.4 kwa uniti na gesi chini ya 0.2. Tofauti hiyo haiwezi kumhamisha mtu kwenye foleni. Ongeza tozo ya paundi 18: makaa yanalipa karibu peni 2 kwa uniti, gesi peni 0.8. Na umeme kwenye soko la jumla mwaka ule ulikuwa unauzwa kama peni 4.

Yaani nusu ya bei aliyopata mwenye makaa ilikuwa inaondoka na hewa ukaa kabla hajanunua hata toroli moja la makaa. Kwa Ratcliffe ikiwa imewaka yote, uniti milioni 2 kwa saa, ni kama paundi 40,000 kila saa. Mwenzake wa gesi, kwa umeme ule ule, alikuwa anaokoa paundi 24,000 kati ya hizo. Hakuna mhasibu ambaye hasikii sauti ya namba kama hizo.

Mwaka mmoja tu, kutoka 2015 hadi 2016, makaa ya mawe yalishuka kutoka asilimia 22 ya umeme wa Uingereza hadi 9, na gesi ikapanda mpaka 42. Tarehe 21 Aprili 2017, siku ya Ijumaa, nchi nzima ilikaa saa 24 bila umeme wa makaa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu kituo cha Holborn Viaduct kiwashwe London mwaka 1882. Nilikuwa zamu siku hiyo. Mashine za wodini ziliendelea kulia kama kawaida, taa haikucheza hata mara moja, na hakuna aliyejua mpaka tuliposoma habari zake siku ya pili.

Sitaki kuipa tozo sifa zote. Bei ya gesi nayo ilikuwa imeshuka. Sheria za Ulaya za salfa na vumbi zilikuwa zimekwisha kufunga vituo kadhaa vikongwe, na Ratcliffe ilidumu kwa sababu ilifungiwa vifaa vya kusafisha moshi. Novemba 2015 serikali ilitangaza nia ya kuondoa makaa kabisa kufikia 2025, na nani atatia hela kwenye mtambo uliokwisha kutangaziwa siku ya kufa? Lakini tarehe ya mbali haimzuii mtu kuwasha mtambo Jumanne hii. Kilichomzuia Jumanne hii ni ile peni 1.2.

Nilipomsomea mjomba hesabu hizo, alikamata jambo ambalo mimi nililipita. "Hiyo mitambo ya gesi waliijenga lini?" Nikatafuta. Mingi ilijengwa miaka ya 1990 na ya 2000, gesi ya Bahari ya Kaskazini ilipokuwa tele. Ilikuwepo. Ilikuwa imesimama au inafanya kazi nusu, inasubiri zamu. "Basi," akasema, "hapo hamkujenga kitu. Mmebadilisha nani aamke kwanza."

Ndivyo ilivyokuwa. Bei ya kaboni ina kasi ya ajabu panapokuwa na mitambo miwili ya aina tofauti, yote mizima, na mmoja hauna kazi. Inafanya ndani ya miezi kile ambacho ujenzi ungechukua miaka kumi. Pasipokuwa na mtambo wa pili, bei hiyo inapandisha bili tu na kila kitu kinabaki kama kilivyo. Ujerumani jirani, bila tozo ya nyongeza, iliendelea kuchoma lignaiti, makaa duni ya rangi ya kahawia, miaka yote ile bei ilipokuwa euro 5, huku vituo vyake vya gesi vikikaa bure. Ulaya ilipopunguza vibali sokoni, kupitia akiba maalumu iliyoanza Januari 2019, bei ikafika euro 25, na mwaka huo huo umeme wa makaa Ujerumani ukaanguka vibaya.

China nayo ilifungua soko lake la taifa Julai 2021, lililoanza na kampuni za umeme zaidi ya 2,000. Ila kule vibali hutolewa kwa kipimo cha umeme uliofuliwa. Ukizalisha zaidi unapata vingi zaidi, kwa hiyo linamsukuma mwenye mtambo mbovu wa makaa awe na mtambo bora wa makaa. Kumtoa kwenye makaa ni habari nyingine.

Kuna uamuzi mmoja wa soko la Ulaya ambao sijaukubali mpaka leo. Kituo kikubwa kuliko vyote Uingereza, Drax, kule Yorkshire, kilianza 2013 kubadilisha mitambo yake kutoka makaa ya mawe kwenda vidonge vya mbao, vingi vikija kwa meli kutoka Marekani. Kwenye hesabu ya soko, hewa ukaa ya mbao inayotoka dohanini ni sifuri, kwa hoja kwamba mti mwingine utaota na kuimeza. Pamoja na ruzuku, sifuri hiyo ndiyo iliyofanya mbao zilipe. Mimi nimekua naona magunia ya mkaa yakishushwa barabara ya Kilwa, na najua mti unaokatwa leo unahitaji miaka mingapi kurudi, ukirudi. Dohani halijui kama kilichoungua ni mti au makaa. Karani ndiye anayejua, na karani akiandika sifuri, mtambo unapanda mbele ya foleni.

Juu ya mitambo ya upepo nitasema kidogo. Kwa kuwa gesi huwa ya mwisho kwenye foleni saa nyingi, ndiyo inayopanga bei ya wote, na kibali cha gesi kikipanda, mwenye upepo anauza kwa bei kubwa zaidi bila kuongeza gharama. Kwa nadharia hilo lingetosha kumfanya ajenge. Lakini benki haikopeshi mabilioni kwa kutegemea bei iliyowahi kutoka euro 30 hadi sifuri ndani ya miaka miwili. Mitambo ya baharini unayoiona leo ilijengwa zaidi kwa mikataba ya miaka 15 yenye bei iliyofungwa.

Halafu ikaja 2022.

Nilikuwa nimezoea minara mikavu. Majira ya baridi ya mwaka ule nikatoka zamu, treni ikapinda, na mvuke ukawa pale tena, mnene, kama wa 2012. Mtambo mmoja wa Ratcliffe uliokuwa ufungwe Septemba uliombwa ubaki kwa ajili ya baridi. Nilisikia uchungu, sitaficha. Wakati huo huo nyumbani mita yangu ni ya kulipia kabla, ile ambayo sisi Watanzania wa Leicester tunaiita luku, unakwenda dukani na ufunguo wa plastiki wanakuwekea hela. Paundi 20 iliyokuwa inanifikisha wiki na siku mbili ikawa inaisha siku ya nne. Niliwahi kusimama gizani kwenye korido na tochi ya simu, nasoma namba kwenye kijiskrini, nahesabu kama nitafika Ijumaa ya mshahara.

Kibali cha Ulaya kilikuwa karibu euro 80, bei ambayo miaka kumi nyuma ingeitwa ndoto. Kwa bei hiyo makaa yanalipa zaidi ya senti 7 kwa uniti na gesi senti 3. Pengo la senti 4 lingeua makaa katika mwaka wowote wa kawaida. Lakini baada ya Urusi kuivamia Ukraine na kubana gesi, Agosti 2022 gesi ilipita euro 200 kwa megawati-saa, yaani uniti 1,000. Mtambo wa gesi unapoteza karibu nusu ya nishati njiani, kwa hiyo uniti moja ya umeme ilikula gesi ya zaidi ya senti 40. Kwa hesabu zangu, makaa ya mawe ghali ya mwaka ule, pamoja na kibali chake chote, yalikuwa nusu ya hapo. Foleni ikageuka. Soko la kaboni halikuvunjika. Liliendelea kuongeza uzito wake ule ule upande mmoja wa mizani, ila upande wa pili ulikuwa umewekewa jiwe.

Oktoba ile mjomba akanitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nilisikia injini nzito zinapanda gia. "Mjomba, umesikia hayo? Ni malori ya makaa. Yanatoka Ruvuma yanakuja bandarini, usiku na mchana. Shangazi yako ameanika mashuka meupe, ameyaanua ya kijivu. Wanasema yanapelekwa huko huko kwenu Ulaya."

Nikadhani ametia chumvi. Hakutia. Mwaka 2022 bandari ya Mtwara, ambayo sisi tunaijua kwa korosho, ilipakia makaa ya mawe kutoka Ruvuma, yakiwa yamesafiri kwa lori zaidi ya kilomita 600, na sehemu yake ilikwenda Uholanzi na Ufaransa. Kabla ya hapo umbali huo ungeyafanya yasilipe kabisa. Bei ya gesi ya Ulaya ndiyo iliyolipa dizeli ya lori lile lililochafua mashuka ya shangazi.

Soko la kaboni la Ulaya linahesabu tani inayotoka dohanini. Dizeli ya kutoka Songea mpaka Mtwara haimo, na vumbi la kamba ya nguo halimo. Nilikaa na mawazo hayo siku nyingi. Mimi naona mvuke upande huu, mjomba anaona malori upande ule, na katikati yetu kuna karatasi ya vibali ambayo yeye haimgusi popote.

Kwetu Afrika Mashariki tuliingizwa kwenye biashara hii kwa mlango mwingine. Chini ya Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza hewa ukaa, mradi safi wa nchi maskini ungeweza kuuza hati za tani ulizookoa, na nchi tajiri ikazinunua badala ya kupunguza kwake. Kenya iliandikisha miradi ya jotoardhi ya Olkaria, na pia mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana. Lakini kufikia mwisho wa 2012 hati hizo zilikuwa zinauzwa chini ya euro moja, na Ulaya ikafunga mlango kwa miradi mipya isipokuwa ya nchi maskini kabisa. Olkaria ingejengwa hata bila hati, kwa sababu mvuke uko chini ya ardhi pale na serikali ilikopa kuuchimba. Naisema hivyo kwa heshima ya wahandisi wa Naivasha, maana nimechoka kusikia umeme safi wa Kenya ukitajwa kama zawadi ya soko la kaboni.

Na Tanzania? Gridi yetu sasa inaegemea Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, na gesi ya Mtwara na Songo Songo. Hatuna umeme mwingi wa makaa wa kusukuma nyuma ya foleni. Tukiweka tozo ya kaboni kwenye umeme kesho, itaangukia gesi, na nyuma ya gesi hakuna mtambo wa pili unaosubiri zamu. Ataumia mama wa Mbagala anayenunua luku ya shilingi 2,000. Kwa hiyo anayekuja kutuuzia wazo hili nitamuuliza swali la mjomba: mtambo mwingine uko wapi?

Swali langu la pili ni hela zinakwenda wapi. Ile tozo ya paundi 18 iliingia hazina ya Uingereza na kumezwa na matumizi ya serikali. California sehemu ya mapato ya mnada hurudishwa kwa wateja kama punguzo kwenye bili. Majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani yenye soko lao tangu 2009 hutumia fungu kubwa kuziba nyufa za nyumba na kusaidia wasiojiweza kulipa umeme. Mimi ninaikubali bei ya kaboni. Nimeiona ikifanya kazi kwa macho yangu, asubuhi baada ya asubuhi. Lakini mtu aliyesimama kwenye korido na tochi ana haki ya kurudishiwa sehemu yake.

Treni ya mwisho ya makaa iliingia Ratcliffe mwishoni mwa Juni 2024. Tarehe 30 Septemba mitambo ikazimwa moja kwa moja, na Uingereza ikawa nchi ya kwanza ya kundi la mataifa saba tajiri kuachana kabisa na umeme wa makaa. Kesho yake asubuhi nilikaa upande wa dirisha kwa makusudi. Watu wachache walikuwa wamesimama kwenye jukwaa la stesheni ya East Midlands Parkway wakipiga picha. Mbingu ilikuwa nyeupe, minara imetulia, na lile dohani ambalo miaka yote lilikuwa linatoa kisichoonekana sasa halikuwa linatoa kitu.

Nikampelekea mjomba picha. Akapiga mwenyewe, jambo ambalo halifanyi mara nyingi kwa sababu ya gharama. Hakuniuliza juu ya hewa ukaa wala bei.

"Wafanyakazi walikuwa wangapi?"

"Kama 170, mjomba."

"Wameenda wapi?"

Nikamwambia wengine wamebaki kwa kazi ya kufungua mitambo na kuvunja, itakayochukua miaka, wengine wamestaafu, wengine wanatafuta. Akaniuliza kama yupo aliyebaki na funguo za chumba cha kuongozea mitambo, kwa sababu pale Ubungo, alisema, siku ya kustaafu alizikuta bado mfukoni alipofika nyumbani, akapanda daladala akazirudisha.